Wingu la Upande wa Nyashimo

Kiangazi kile kabla ya msiba, Method alichukua chana ya plastiki, akamkalisha mama yake kwenye kigoda nyuma ya jiko, akaanza kumchana nywele kama binti anayeandaliwa kwenda kanisani. Kabula alikuwa na nywele nyingi za mvi, kavu, nywele za mtu anayekumbuka mafuta Krismasi na Pasaka tu. Shida, jirani yake wa ng'ambo ya shamba, alikuwa amekaa hapo juu ya gunia anachambua pamba. Akacheka mpaka akajishika kiuno. Akauliza huyu ni mwalimu wa namna gani, shule zikifungwa anakuja nyumbani kusuka vikongwe.

Method akawaambia wasubiri. Akachana, akachana tena kwa haraka, halafu akaisogeza chana karibu na vinyuzi vya pamba vilivyodondoka mapajani mwa Shida. Vinyuzi vikainuka vyenyewe, vikaruka, vikang'ang'ania kwenye chana kama kupe.

"Mayu, umeona?" akamwambia mama yake. "Hiyo ndiyo radi. Ni ndogo, imetoka kichwani kwako, lakini ni ileile."

Kabula akasema basi kuanzia leo watu wamheshimu, kichwa chake kinapiga. Shida akamjibu kwamba hilo lilijulikana siku nyingi, na ngurumo yake ni ule ulimi.

Method ndiye aliyekuwa mtoto pekee aliyebaki kwa Kabula. Alifundisha sayansi shule ya msingi moja huko Itilima, na kila likizo alirudi na mkewe Benedikta kumsaidia mama yake kulima. Hakuwa mtu wa kujivuna kwa kusoma kwake. Kabula alikuwa na madarasa machache tu, Shida hakuwa na hata moja, lakini alipowaeleza jambo aliwaeleza mpaka likaingia, na lisipoingia alianza upya bila kununa.

Siku ile jikoni kulikuwa na chungu cha matobolwa, viazi vitamu vikavu, kinachemka. Method akaleta mfuniko, akaufunika, akaufunua, akawaonyesha matone yaliyoshika kwa ndani. Akawaambia kwamba ardhi ikipigwa na jua tangu asubuhi inakuwa kama jiko. Kule upande wa Nyashimo kuna ziwa, na upepo unabeba unyevu wake mpaka huku kwetu. Hewa yenye joto haikai chini, inapanda kama mvuke wa matobolwa, na unyevu inapanda nao. Huko juu ni baridi, ndiyo mfuniko wenyewe. Mvuke ukifika pale unageuka vitone vidogo mno, na vitone vile vikikusanyika ndiyo tunaona wingu.

"Mbona mawingu mengine hayapigi kelele?" Shida akauliza.

Hayo, Method akasema, ni yale ambayo moto wake wa chini ni hafifu. Wingu la radi ni lile linalosukumwa mchana kutwa, likazidi kupanda mpaka likawa mlima, kichwa chake kikafika mahali ambapo maji yote yanaganda. Humo ndani hakuna amani. Chembe za barafu zinapanda na upepo, mvua ya mawe inashuka, zinagongana na kusuguana njiani kama chana na nywele za mayu. Msuguano huo unazaa umeme na kuutenga, wa aina moja unakwenda juu, wa aina nyingine unajaa tumboni mwa wingu, chini. Unajaa, unajaa, mpaka wingu haliwezi tena kuubeba. Hapo unatafuta njia ya kuja ardhini, na njia inayoufaa ni ile fupi: mti uliosimama peke yake, au mtu aliyesimama mbugani mahali pasipo na kingine kirefu. Njia ile inapata moto kuliko moto wowote tunaoujua, hewa inapasuka, na ule mpasuko ndiyo ngurumo. Mwanga unatangulia kufika. Sauti inatembea nyuma.

"Na chuma?" Kabula akauliza, kwa sababu tangu utoto alikatazwa kushika jembe mvua inaponyesha.

"Chuma hakiiti radi, mayu. Ila ikishakiangukia, inatembea nacho mpaka mwisho. Ng'ombe waliofungwa kwenye mnyororo wa plau, wakipigwa, wanapigwa wote, na aliyeushika mnyororo pia."

Shida aliacha kuchambua pamba. Alikuwa mjane, macho yake mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe alichopikia miaka yote, na watu wengine pale kijijini walikuwa wameanza kumsalimia kwa mbali, wanapita upande wa pili wa njia. Akauliza taratibu, kama mtu anayeuliza habari za ndugu yake, "Na yule anayeituma?"

"Haitumwi," Method akasema. "Haina akili. Haimjui mtu."

Shida akainamia pamba yake. Kabula alimwona anavyoshusha pumzi.

*

Mvua za kwanza zilipolainisha udongo wa mashamba ya mbugani, Shida aliwaazima maksai wake wawili. Hakuwa na kitu kingine cha maana duniani zaidi ya wale ng'ombe. Alikuwa amewalea tangu ndama, mmoja alikuwa anamlamba mkono. Method alishika plau, Benedikta akatangulia kuongoza ng'ombe, Kabula akafuata mfereji anadondosha mbegu za pamba. Asubuhi ile joto lilikuwa la kunyonga. Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani.

Saa nane wingu likainuka upande wa Nyashimo. Lilianza jeupe kama pamba iliyomwagwa, likapanda huku mtu analitazama, kichwa kikatanuka kikawa bapa, chini kukawa rangi ya chungu cha zamani. Method alisimama akaliangalia. Kabula alisema wamalizie kipande kile kilichobaki, ardhi imekubali. Method hakubishana. Alipiga mstari mmoja tu, jino la plau likanasa kwenye kisiki, mnyororo ukajiviringa, na wakati anahangaika kuufungua mwanga wa kwanza ukapita ndani ya wingu.

Akawaamuru waache kila kitu na wakimbie. Hata jembe la mkono Kabula aliambiwa alitupe. Wakakimbia wote watatu mpaka nyumbani, ng'ombe wakabaki mbugani na nira yao na plau nyuma yao. Waliingia ndani, Method akawaambia wakae katikati ya nyumba, mbali na mlango. Kabula alikuwa anahema, anacheka kidogo, anasema uzee umemkimbia leo.

Ndipo sauti ya Shida ikatoka ng'ambo. Alikuwa amesimama mbele ya mlango wake, mikono kichwani, anamwita Kabula kwa jina la baba yake.

"Ng'wana Ndaki! Ng'ombe wangu mmewaacha na chuma mgongoni! Radi itawapiga!"

Kijiji kizima kilisikia. Watu waliokuwa wanakimbiza mahindi yaliyoanikwa walisikia, waliokuwa kisimani walisikia.

Method akatazama mbugani. Mvua ilikuwa bado haijafika; pale uani palikuwa pakavu kabisa. Akasema ni pini moja tu ya mnyororo, akiivuta ng'ombe watakuja wenyewe. Benedikta akamshika shati. Akamwambia, "Nakwenda na kurudi." Baadaye Kabula alijaribu sana kukumbuka kama alisema kitu, na kila alipokumbuka alikuta alikuwa anakung'uta udongo kwenye miguu yake.

Mwanga ulikuwa mweupe mpaka vitu vyote ndani vikapoteza rangi. Kabula alikuwa ameanza kuinua kichwa aulize kama wameuona, ngurumo ikafika. Hapakuwa na nafasi kati ya mwanga na sauti, hata ya kupepesa jicho. Na kwa sababu alikuwa amefundishwa, alielewa maana yake kabla hajatoka nje.

Walimkuta ameinama juu ya mnyororo, na maksai wawili wamelala kwa ubavu, wamefungwa nira yao vilevile, kana kwamba wamechoka.

*

Katika ukoo wa marehemu mume wa Kabula, mtu aliyepigwa na radi halizwi kwa sauti. Wazee wao walisema kilio kinaita nyingine. Mnazika kimya, mnakaa kimya, mpaka siku ya kunyoa nywele. Hapo ndipo mama anaulizwa moyo wake unamshika nani, yaani anamshuku nani kwa kifo kile, anataja, halafu ananyolewa na mtu anayemwamini kuliko wote, kwa kuwa nywele za mfiwa hazipitii mkono wowote tu. Anayetaka kukudhuru akizipata, wanasema, hahitaji kitu kingine. Baada ya hapo ndipo mnalia.

Basi Kabula alikaa kimya. Katekista alikuja akasali kwa sauti ya chini. Benedikta alilala kifudifudi, akiuma kanga ili asitoe sauti. Masunga, shemeji yake Kabula, ndiye aliyesimamia msiba, na hakuwa mtu mbaya. Alichimba kaburi la mtoto wa kaka yake kwa mikono yake mwenyewe. Lakini alikwenda Meatu kwa mganga, na akarudi na neno moja: aliyetuma alitamka mwenyewe kwa mdomo wake. Masunga hakuhitaji kuongeza. Kila mtu alikuwa amesikia nani aliyetamka.

Hata ng'ombe waliokufa hawakumwokoa Shida. Walisema hao ndio malipo, mtu kama yule analipa kwanza ndipo anapewa. Vijana wakaanza kukaa karibu na njia ya kwake, wamekaa tu, wananoa mapanga ambayo yalikuwa yameshanoleka. Shida hakuja msibani. Moshi wa jikoni kwake ulionekana asubuhi, halafu hata asubuhi ukawa hauonekani.

Na Kabula, ambaye angeweza kusema neno, hakulisema. Siyo kwamba alisahau. Alikumbuka chana, chungu, vinyuzi vya pamba, kila kitu. Alijua Shida aliogopa kile chuma kwa sababu Method ndiye aliyemfundisha kukiogopa; bila somo lile Shida angekaa ndani anywe uji wake, na ng'ombe wangekufa wenyewe mbugani. Alijua, lakini alipotaka kulisema lilimkwama. Kusema hivyo ni kusema kwamba maneno ya mwanawe yalizunguka yakarudi yakamwita. Na tena, tuseme ukweli, wingu lilikuwa limeshapita. Wingu huwezi kulisimamisha ukaliuliza. Shida alikuwa na miguu, alikuwa na uso, nyumba yake inaonekana kutoka pale alipokaa. Kulikuwa na saa ambazo Kabula alitazama paa lile la nyasi na kifua chake kikapata nafuu kidogo, akajiona anapumua.

Walikutana kisimani mara moja tu, mchana wa jua kali, wakati watu wengine hawachoti. Shida alikuwa amekonda. Alitua ndoo yake chini.

"Niliyepiga kelele ni mimi," akasema. "Hilo silikatai, ng'wana Ndaki. Wakiniuliza nitasema ndiyo, nilisema. Niliwaona ng'ombe wangu nikasahau kwamba kuna mtu."

Kabula alijitwisha ndoo akaondoka. Njia nzima maji yalimwagika mgongoni, na hakuyafuta.

*

Siku ya kunyoa watu walijaa uani kwa Kabula, wanaume upande wa zizi, wanawake upande wa ghala. Shida aliletwa na wale vijana akakalishwa peke yake juani. Aliletwa bila kuburutwa. Alikuja na kanga yake safi, kama anakwenda hospitali.

Masunga alitoa salamu, akashukuru walioshika majembe, halafu akamgeukia shemeji yake. Akamuuliza kwa upole kabisa, moyo wake unamshika nani.

Kabula alisimama. Alikuwa amekusudia kueleza vizuri, kama Method. Akaanza na jua linavyopasha ardhi. Akasema habari za ziwa na mvuke, na mfuniko wa chungu, lakini alipofika kwenye barafu akachanganyikiwa, akasahau ipi inapanda na ipi inashuka, na umeme upi unakaa wapi. Wanaume wakaanza kunong'ona. Mmoja akauliza tangu lini barafu ikazaa moto, na watu wakaguna. Kabula alisimama pale mdomo wazi, akitafuta sauti ya mwanawe kichwani, na haikuja.

Masunga akamsaidia, au alidhani anamsaidia. Akasema, shemeji, Method alikuwa anaijua radi kuliko sisi wote hapa. Alikuwa anaifundisha. Mtu anayeijua itampataje, kama haikuelekezwa?

"Aliijua," Kabula akasema. "Ndiyo maana mimi na mkwe wangu tuko hai, alitutoa mbugani. Na huyu Shida, mnauliza alijuaje kwamba itapiga pale. Alifundishwa. Mwanangu alimfundisha habari ya chuma, nyuma ya jiko hapo, mimi nimekaa kwenye kigoda. Kama kuna aliyempa Shida lile neno, ni Method."

Benedikta aliinua uso akamtazama mama mkwe wake kama mtu aliyepigwa kibao.

"Kwa hiyo shemeji unasema amejiua kwa somo lake?" Masunga akauliza, na sasa upole ulikuwa umeisha.

"Nasema ni wingu. Alikwenda kumfungulia mama mzee ng'ombe wake, wingu likamkuta. Sina mwingine wa kumtaja. Nimemtafuta, Masunga. Nimemtafuta siku zote hizi kuliko nyinyi."

Wengine walikuwa wanatikisa vichwa. Yule aliyeuliza habari ya barafu akasema huzuni imemharibu mama wa watu, basi aliyetuma atajwe na ukoo. Kabula aliona mambo yanampita. Maneno yake yalikuwa yameisha, na hayakutosha.

Wembe ulikuwa kwenye kisahani, na bakuli la maji pembeni. Dada wa Masunga alikuwa ameshakunja mikono tayari kumnyoa. Kabula alichukua kile kisahani na lile bakuli. Akapita katikati ya watu, taratibu, magoti yanamuuma, mpaka pale juani alipokaa Shida. Akaweka kisahani mapajani mwake, bakuli pembeni. Akafungua kilemba, akakaa chini mavumbini mbele yake, akampa mgongo.

"Ninyoe," akasema.

Shida hakugusa kitu. Akanong'ona kwamba anaogopa atamkata.

"Nikate basi. Ninyoe."

Wale vijana wenyewe walitazama chini. Hata mtoto mdogo pale anajua nywele za mfiwa ni nini, na mama hampi kichwa chake mtu aliyemuulia mwana. Shida alichovya vidole kwenye maji, akalowesha zile mvi, akaanza nyuma ya sikio. Wembe ulikwaruza. Nywele ziliangukia kwenye kanga yake safi, kidogo kidogo, nyeupe, nyepesi kama vinyuzi vya pamba, nywele zilezile ambazo Method alizichana mpaka zikazaa radi.

Kabula aliona shungi moja la nywele limepeperuka likatua kwenye mkono wake. Akalitazama. Na sauti ambayo alikuwa ameibana tangu ule mwanga mweupe ikatoka, sauti kubwa, ya kutoka tumboni, mpaka ndama zizini wakaruka. Shida aliendelea kunyoa huku naye analia, na damu kidogo ikatoka juu ya sikio, akaifuta kwa kidole gumba.

*

Hawakumgusa Shida. Masunga alisimama akaondoka bila kuaga, lakini hawakumgusa. Zile nywele Shida alizizika mwenyewe, Kabula akimwangalia, chini ya ukuta wa jikoni.

Ila kijiji kilikuwa kimeshasema, na maneno yakishasemwa hayarudi mdomoni. Kisimani walimwachia Shida nafasi kubwa mno. Kabla pamba haijafungua vitumba, binti yake alikuja kutoka Lagangabilili akamchukua, na mizigo yake ilitosha kwenye pikipiki moja. Walipoagana Shida alisema atarudi kuvuna. Kabula akasema sawa, atamtunzia gunia lake la kukalia. Wote wawili walijua kwamba hatarudi. Benedikta naye alirudi kwao. Aliaga vizuri, kwa heshima zote, lakini hakumwita tena Kabula mama.

Nywele zimeanza kuota. Bado fupi, chana haishiki. Ile chana ya plastiki ipo juu ya ukuta wa jikoni, na Kabula akipika huwa anaifuta moshi.

Saa nane, joto likikaa, anatoka uani kuangalia upande wa Nyashimo. Likiinuka jeupe, analisimulia taratibu kwa midomo tu: jua, ziwa, mvuke, mfuniko, chembe za barafu zinapanda na upepo, mvua ya mawe inashuka. Sasa hakosei hata kidogo. Halafu anaingia ndani, anakaa katikati ya nyumba, mbali na mlango, kama alivyoambiwa. Mwanga unapita kwenye nyufa za dirisha. Anakaa anasubiri sauti ifike.